Saa Iliyoongezwa Mara Mbili

Kila mtoto wa kina Beynon alipotimiza miaka saba alipelekwa kuugusa mnara wa taa. Nani aliyeanzisha jambo hilo, hakuna aliyekumbuka. Ilisubiriwa Jumapili ya kwanza ya bamvua, yaani ya maji makubwa, baada ya saa za nchi kusogezwa mbele kwa majira ya joto, siku ambayo maji ya Mumbles, huko Wales, hupwa mpaka mtu akadhani bahari imehama. Hapo mtoto alivushwa kwa miguu juu ya mawe kutoka ufukweni hadi kisiwa cha kwanza, akakipanda, akashuka upande wa pili, akavuka pengo la mawe hadi kisiwa cha nje, akaweka viganja vyote viwili kwenye ukuta mweupe wa mnara. Kisha alirudishwa nyumbani kabla bahari haijarudi. Akifika alipewa chai kwenye kikombe cha wakubwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mtoto mdogo tena.

Nerys hakuwahi kuugusa. Siku yake ilipofika, miguu ilimgoma katikati ya mawe ya kwanza. Maji hayakuwepo, bahari ilikuwa mbali kule, lakini mwani uliolala juu ya mawe ulimwonyesha wazi kwamba mahali aliposimama ndipo maji yanapoishi, na kwamba yametoka kidogo tu. Babu yake, Elwyn, alimbeba begani kama gunia la viazi akamrudisha ufukweni. Sasa Nerys alikuwa na miaka ishirini na mmoja, akifua mashuka katika hoteli ndogo pale pale Mumbles, na kikombe cha wakubwa alikuwa akijimiminia mwenyewe.

Leo ilikuwa zamu ya Mabli, binti wa dada yake.

"Mamdogo, wewe huji?" Mabli aliuliza, akifunga vifungo vya koti lake la njano.

"Mamdogo anatulindia gari," Babu akasema. "Magari ya hapa yana tabia ya kutoroka."

Walikuwa katika maegesho juu ya ghuba. Upepo wa Aprili ulikuwa unavuma kutoka baharini, na ng'ambo kule moshi wa viwanda vya Port Talbot ulikuwa umelala chini kama uliochoka. Babu Elwyn alikuwa amevaa kofia yake nyekundu ya sufu, aliyofumiwa na marehemu mkewe. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ametoka na boti ya uokoaji katika kofia hiyo, na kila mtu kuanzia gatini hadi Swansea mjini aliijua.

"Nisomee, Nerys," alisema. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na herufi ndogo zilikuwa zinamponyoka.

Nerys alifungua kijitabu cha maji. "Leo maji yanakupwa mwisho saa saba kasoro dakika kumi."

"Haya, Mabli. Tunafanya nini?"

"Tunaongeza moja."

"Inakuwa?"

Mabli alihesabu kwa vidole. "Saa nane kasoro dakika kumi."

"Na kwa nini tunaongeza?"

"Kwa sababu bahari haisogezi saa yake."

Babu alimgonga kichwani kwa upendo. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza la kila mtu aliyezaliwa kwenye pwani ile. Vijitabu vya maji viliandikwa kwa saa za majira ya baridi mwaka mzima, na watu walipozisogeza saa zao mbele kwa saa moja majira ya joto yakikaribia, ilikuwa juu yao kukumbuka kuongeza. Wageni walisahau. Kina Beynon hawakusahau.

Walishuka saa saba na robo. Nerys alibaki amesimama kando ya gari, mikono ndani ya mikono ya sweta, akaitazama kofia nyekundu na koti la njano vikienda, vikisimama, vikienda tena. Babu alikuwa anamwonyesha mtoto pa kukanyaga. Hawakuwa na haraka.

"Umebaki tena?" sauti ilimwuliza nyuma.

Alikuwa Bi Eirlys, mwenye gari la aiskrimu, ambaye aliegesha pale kila Jumapili hata mvua ikinyesha, akidai kwamba watu wa Wales wakisubiri jua watakufa hawajala aiskrimu.

"Nimebaki," Nerys akasema.

"Basi angalia vizuri. Ukiona sili, usiite mtu. Rhodri na wenzake wa boti ya uokoaji leo wana nyama ya kondoo mezani, wameniambia wenyewe."

Nerys alicheka kidogo, kwa sababu alijua anatakiwa kucheka, kisha akaingia garini akafunga mlango.

Ilikuwa vuli iliyopita. Alikuwa akitembea peke yake ufukweni akaona kichwa cha mtu majini, cheusi, kinazama na kuibuka. Alipiga simu. Boti ilitoka katika mvua ya barafu na wanaume sita ndani yake, ikazunguka saa nzima, na mwisho Rhodri, nahodha, akamkuta mtu mwenyewe: sili dume, mnyama mnene wa baharini, aliyewatazama kana kwamba wao ndio waliopotea. Tangu siku hiyo Rhodri alimwita Mama Sili. Siku yake ya kuzaliwa alipata wanasesere wa sili watatu. Hayo angeyavumilia. Lakini Babu hakucheka. Babu alikata mkate wake polepole, akasema bila kumtazama, "Katika nyumba hii hatuiti boti. Sisi ndio tunaoitwa."

Nerys alichukua darubini. Walikuwa wamevuka mawe ya kwanza, wameshapanda kisiwa cha kwanza, wameshuka. Kwa muda hakuwaona. Kisha koti la njano likatokea juu ya kisiwa cha nje, likasogea hadi kwenye ukuta mweupe, likatulia. Mabli ameugusa. Babu aliinua mkono juu kuelekea ufukweni, na Nerys, ingawa alijua haonekani kwa macho yale, aliinua wake pia.

Kisha wakazunguka upande wa nyuma wa mnara, unaotazama bahari kuu. Hiyo pia ilikuwa desturi. Pale Babu alimwonyesha kila mtoto mahali ambapo meli fulani ilipasuka kabla yeye hajazaliwa, na hadithi hiyo haikuwa fupi.

Nerys alimimina chai. Redio ilikuwa ikiimba taratibu. Alikunywa nusu kikombe, akatazama chini ya maegesho, na akakiweka kikombe bila kukimaliza.

Chini pale, kwenye mwamba, kulikuwa na kigingi cha chuma cha zamani, kilichokuwa cha kufungia mashua. Walipokuwa wanashuka kilikuwa kimesimama pakavu. Sasa kulikuwa na maji kukizunguka. Si mengi. Yalikuwa yanakilamba, yanarudi, yanakuja tena, na kila yalipokuja yalipanda kidogo zaidi.

Alitazama saa ya garini. Saa nane na dakika tano.

Ni woga wako tu, alijiambia. Kwa hesabu ya Babu maji yalikuwa yamegeuka robo saa iliyopita. Robo saa ya mwanzo maji husimama kama yanayofikiri, mtu hawezi hata kuona yanaelekea wapi. Lakini haya hayakuwa yanafikiri. Haya yalikuwa yanakuja kama mtu anayerudi kwake. Na alikumbuka jambo jingine ambalo Babu alimwambia kila walipoegesha hapa: kigingi kikilowa, aliye kisiwa cha nje awe ameshaanza kurudi.

Alichukua kijitabu tena. Kilikuwa cha njano. Cha kila mwaka kilikuwa cha bluu, kikiuzwa katika duka la vifaa vya uvuvi, lakini mwaka huu vilikwisha mapema, na Nerys ndiye aliyenunua hiki kwenye duka la kadi na zawadi, kwa sababu hakutaka kumwuliza mwenye duka la uvuvi kama kingine kitakuja lini. Kumwuliza kungemaanisha kusimama mbele ya wanaume watano wanaonunua ndoano. Alikuwa amefurahi sana alipokiona cha njano.

Alisoma tena ile namba. Saa saba kasoro dakika kumi. Kisha, chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo kama chembe za mchanga, akasoma: Saa zote humu zimeshaongezwa kwa majira ya joto.

Aliisoma mara ya pili, kidole kikifuata kila neno.

Zilikuwa zimeshaongezwa. Nao wakaongeza tena. Maji yalikuwa yamegeuka tangu saa saba kasoro dakika kumi, hata kabla Babu hajashuka kwenye mawe. Walikuwa wamevuka bahari ikiwa inarudi. Babu aliamini ana saa nzima ya kukaa pale nyuma, na kwa kweli hakuwa na kitu.

Alipiga simu ya Babu. Ikaita mle mle garini, ndani ya sanduku la mbele ya magoti yake.

Akatoka garini. Upepo ulimpiga usoni. Alitaka kukimbia kwa Bi Eirlys, lakini miguu ilimpeleka kwa mwendo wa kawaida, kama mtu anayekwenda kununua kitu, na alipofika dirishani aliona aibu hata ya kufungua mdomo.

"Bi Eirlys. Samahani. Maji leo yamekupwa saa ngapi?"

"Unaniuliza mimi? Muulize babu yako, ndiye mwenye bahari."

"Yuko kule."

"Basi atajua." Bi Eirlys alikuwa anafuta mashine. Akamtazama. "Umekuwa mweupe, mwanangu. Umeona sili?"

Nerys alifungua kinywa kusema kuhusu kijitabu, na herufi ndogo, na kigingi. Maneno yalikuwepo yote, yamepanga foleni, lakini hakuna lililotoka. Alisema tu, "Hapana," akarudi nyuma hatua mbili, tatu. Alijichukia. Dakika nne zilikuwa zimepita.

Akatazama visiwa. Kati ya cha kwanza na cha nje, pale kwenye pengo, mawe yalikuwa bado yanaonekana, lakini sasa kulikuwa na mistari myeupe ya povu kutoka pande zote mbili. Mistari ile ilikuwa inatafutana.

Ile simu mkononi mwake ilikuwa nzito. Aliwaza Rhodri akiinuka mezani na leso shingoni. Aliwaza Babu akitokea nyuma ya mnara, akishuka taratibu na kuvuka kwa wakati wake, akikuta boti inamsubiri mbele ya watu wote. Katika nyumba hii hatuiti boti. Huenda yeye mwenyewe amekosea kusoma. Huenda kigingi hulowa mapema siku za bamvua. Huenda.

Povu la kushoto na povu la kulia likakutana.

Nerys akapiga.

"Dharura gani?" sauti iliuliza, na alipoomba walinzi wa pwani, akaunganishwa na mwanamke mwenye sauti tulivu kabisa.

"Niambie kuna nini."

"Babu yangu na mtoto," Nerys alisema. "Wako kwenye mnara wa Mumbles. Maji yamewafungia." Sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mtu anayeomba radhi.

"Wangapi?"

"Wawili. Mzee wa miaka sabini na sita. Na mtoto. Ana miaka saba."

"Wako majini au nchi kavu?"

"Kavu. Nadhani kavu. Siwaoni, wako nyuma."

"Wanajua kwamba maji yamewazunguka?"

"Hapana. Wameongeza saa. Kijitabu kilikuwa kimeshaongezwa, nao wakaongeza tena." Alisikia jinsi inavyosikika, akaongeza haraka, "Kama nimekosea itakuwaje?"

"Dada, una uhakika kiasi gani?"

Nerys aliangalia pengo. Hapakuwa na jiwe hata moja tena. "Sasa nina uhakika," alisema.

"Vizuri. Boti inaitwa sasa hivi. Wewe baki ulipo, usishuke chini. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Na angebaki. Kubaki ndicho kitu alichokiweza kuliko watu wote wa ukoo wake. Lakini wakati huo kofia nyekundu ilitokea pembeni mwa mnara.

Babu aliposhuka hadi ukingoni alisimama. Hata bila darubini Nerys aliona jinsi alivyosimama, kama mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta kufuli geni. Alitazama saa ya mkononi. Akatazama maji. Akatazama saa tena. Kisha akainama, akampandisha Mabli mabegani, akaweka mguu mmoja majini kupima.

"Anavuka," Nerys akasema kwenye simu. "Mungu wangu, anataka kuvuka."

"Anaweza kukusikia?"

"Kutoka hapa hapana."

"Dada, usishuke. Boti iko njiani."

Nerys alikwenda hadi kwenye gari la aiskrimu, akasukuma simu mkononi mwa Bi Eirlys juu ya kaunta. "Ongea nao," alisema. "Usikate." Bi Eirlys, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu abatizwe, alilikosa siku hiyo.

Nerys alikimbia ngazi za zege, akapita kigingi kilichobaki nusu, akafika kwenye mawe. Njia hii ya kwanza ilikuwa juu kidogo kuliko ile ya pili. Haikuwa imefunikwa bado, lakini kwenye mifereji maji yalikuwa yanapita yakitoa sauti ndogo ndogo, kama watu wanaonong'onezana kwamba yupo mmoja anakuja. Mwani ulikuwa unateleza. Alianguka goti moja, akainuka, akaanguka mikono yote. Makombe ya baharini yalimkata viganja.

Katikati, pale pale, mwili wake uliijua sehemu. Hakuhitaji kutazama. Magoti yalijifunga yenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja na alikuwa na miaka saba, na bahari ilikuwa pande mbili, na safari hii haikuwa mbali. Alitaka mtu ambebe. Alisikia pumzi yake mwenyewe ikitoka kama ya mnyama. Akajiambia, hesabu tatu uende, akahesabu tatu hakwenda. Akahesabu tena. Kisha wimbi dogo, la baridi kali, likamwagika ndani ya kiatu chake, na mguu ukaruka wenyewe kwa mshtuko, na mguu wa pili ukafuata. Alipanda kisiwa cha kwanza kwa mikono na magoti, akipita majani na mavi ya shakwe, akashuka upande wa pili huku mawe yakiporomoka chini yake.

Pengo lilikuwa limekuwa mto. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanapita kwa kasi kutoka kushoto kwenda kulia, yakijikunja juu ya mawe yasiyoonekana. Upande wa pili, hatua kama arobaini, Babu alikuwa ameshaingia. Maji yalimfika magotini. Mabli alikuwa mabegani, ameishika kofia nyekundu kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa mdogo sana.

"Babu, rudi," Nerys aliita. Sauti ilichukuliwa na upepo. Akajaza kifua na kupiga kelele kwa mara ya kwanza tangu akiwa mtoto mchanga. "Babu, rudi nyuma."

Alimsikia. Aliinua uso. "Wewe unafanya nini hapo?"

"Rudi. Boti inakuja."

Babu alitafuta pa kukanyaga. Maji yalikuwa yanavuta suruali yake upande mmoja. "Nani ameiita?"

"Mimi."

Aliona uso wake ukibadilika. Ulikuwa uso ule ule wa meza ya vuli, wa kisu na mkate. "Hatuhitaji boti," Babu akaita. "Ni maji ya magoti. Nimeyavuka mara mia." Akapiga hatua nyingine. Maji yakafika mapajani, naye akayumba, akasimama, na Mabli akatoa sauti ambayo haikuwa neno.

Nerys alijua kwamba hatabishana naye akashinda. Hakuna aliyewahi. Hata kama angemwambia kuhusu kijitabu, kuhusu herufi ndogo, Babu angepiga hatua nyingine ili tu asisimame akisikiliza. Alitafuta kichwani neno lolote la kumsimamisha, na alichokipata kilikuwa maneno ya Babu mwenyewe, aliyowaambia wajukuu wote kwa miaka mingi, kila mgeni alipofungiwa na maji kule kwenye mawe ya pwani ya Gower: wanaokaa juu tunawakuta wanatetemeka na kututukana kwa kuchelewa, na wanaojaribu kuvuka...

"Babu," aliita. "Wanaojaribu kuvuka mnawatafuta siku ngapi?"

Babu alisimama.

"Ulituambia. Wanaokaa juu mnawakuta. Wanaojaribu kuvuka mnawatafuta siku ngapi, Babu?"

Maji yalipita kati yao. Kipande cha ubao kilikuja kutoka kushoto, kikapita mbele ya mzee, kikaondoka kulia kwa kasi ya baiskeli, kikapotea nyuma ya mwamba. Babu alikifuata kwa macho. Mabli pia.

"Siku ngapi?" Nerys aliita, na sasa alikuwa analia.

"Tatu," Babu akasema. Hakuiita kwa nguvu. Nerys aliiona tu midomoni. Kisha mzee alianza kurudi, lakini kugeuka ndiko kulikokuwa na hatari kuliko yote. Hakuweza kuinua mguu bila mwingine kuvutwa. Alirudi kinyumenyume, unyayo baada ya unyayo, mkono mmoja umeshika kifundo cha mguu wa mtoto, mwingine umenyooshwa kama unaotafuta ukuta. Mara moja alishuka hadi kiunoni, na koti la njano likainama juu ya maji. Kisha goti la Babu likapata jiwe. Kisha la pili. Akatambaa nje, akamshusha mtoto juu ya mwamba, akakaa kando yake ghafla, kama aliyekatwa kamba.

Walikaa hivyo, wao kule na yeye huku, wakitazamana. Maji yalipanda. Nyuma ya Nerys njia ya kwanza nayo ilikuwa imekwisha kufunikwa. Hakugeuka kuitazama. Aliisikia.

Boti ndogo ya mpira ilizunguka kichwa cha rasi ikiruka juu ya mawimbi. Rhodri alikuwa mbele, bado ana mchuzi kwenye ndevu. Walikwenda kwanza kisiwa cha nje. Nerys hakusikia yote, lakini upepo ulimletea kidogo.

"Mzee Elwyn."

"Rhodri."

"Kaa pale katikati. Pale ulipokuwa ukinikalisha mimi nikitapika."

Babu alikaa pale. Hakuushika mkono wa mtu, ila alipoingia wanaume wawili walishika koti lake kwa nyuma, naye akajifanya hajui.

Walipomfikia Nerys, Rhodri alimnyooshea mkono. "Haya, Mama..." alianza, akauona uso wake, na damu kwenye viganja. "Haya, Nerys. Mguu hapa. Taratibu."

Waliketi wote watatu chini, wamefungwa blanketi moja. Mabli alikuwa anagonganisha meno.

"Uliwaambia nini kwenye simu?" Babu akauliza, akitazama mbele.

"Mzee na mtoto."

"Hukutaja jina?"

"Hawakuuliza."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, na kidogo akaonekana kupata nafuu, mpaka Rhodri aliposema bila kugeuka, "Hatukuhitaji jina. Tuliiona kofia."

"Kijitabu kilikuwa kimeshaongezwa," Nerys akasema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyekinunua. Mimi ndiye niliyekusomea."

"Na mimi ndiye niliyeongeza." Babu alikohoa. "Miaka sitini naongeza. Hata mkononi mwa mtu mwingine ningeongeza."

Boti ilikata njia fupi, ikapita juu ya pengo lenyewe. Mabli alivuta mkono wa sweta wa Nerys. "Mamdogo. Wewe umeugusa?"

"Bado."

"Nitakupeleka. Ni rahisi tu ukiwa umeshafika."

Nerys aliuegemea ukingo. Alikuwa anatazama chini, kando ya boti. Chini ya maji mwani ulikuwa umelazwa wote upande mmoja, mrefu, kama nywele za mtu anayevutwa, na kati ya mwani aliliona jiwe bapa ambalo Babu alikuwa amesimama juu yake. Lilikuwa mbali sana chini. Alijua kwamba akilala leo ataliona tena, na kesho yake pia, na kwamba hatawahi kupita juu ya mawe yale bila kuhesabu tatu.

Kitu kikamshika kifundo cha mkono. Alidhani ni Mabli, lakini Mabli alikuwa upande mwingine. Ulikuwa mkono wa Babu, wa baridi, mkubwa, na yeye pia alikuwa anatazama jiwe lile lile. Aliushika mkono wa mjukuu wake kama mtu ashikavyo kamba, wala hakuuachia mpaka boti ilipogusa mchanga.